Kutembea na Kutembezwa: Katikiro Mjini London, 1902

Miongoni mwa mada ambazo vitabu vya mazoezi ya insha havichoki kuzitoa, imo ile ya "Siku moja niliyotembelea mji wa kale wa Ulaya". Mada hii humfikia mwanafunzi wa Mombasa, humfikia wa Dodoma, na humfikia pia wa huku kwetu Osukuru, ambako mji mkubwa waujuao wanafunzi walio wengi ni Tororo, na ambako ulimwengu wa mbali hupita mbele ya macho yao juu ya malori yanayongoja zamu ya kuvuka mpaka pale Malaba. Nimeisahihisha mada hii kwa miaka mingi. Nakiri hapa mbele ya walimu wenzangu kwamba nimeisahihisha vibaya, na kitabu kilichonionyesha kosa langu ndicho ninachokusudia kukihakiki.

Kitabu chenyewe ni kile cha Ham Mukasa, kilichochapishwa London mwaka 1904 kwa jina la Uganda's Katikiro in England, yaani "Katikiro wa Uganda nchini Uingereza". Ni habari ya safari ya Apolo Kagwa, Katikiro au waziri mkuu wa Buganda, aliyealikwa kuhudhuria sherehe za kumtawaza Mfalme Edward wa Saba mwaka 1902. Mukasa alikuwa katibu wake. Aliandika kwa Kiganda, na mmisionari Ernest Millar wa CMS akatafsiri kwa Kiingereza. Mwaka 1975 Taban lo Liyong alitoa toleo lililofupishwa, akalibadilisha jina likawa Sir Apolo Kagwa Discovers Britain, na jina hilo peke yake ni uhakiki tosha: waliozoea kusoma kwamba Speke "aligundua" chanzo cha Nile, sasa wanasoma kwamba Mganda naye "aliigundua" Uingereza. Mwaka 1998 Simon Gikandi alikirudisha tena mikononi mwa wasomaji kwa jina lake la kwanza. Kitabu kilichochapishwa mara tatu katika muda wa karibu miaka mia moja hakiwezi kuitwa kitabu kilichosahauliwa. Hata hivyo katika madarasa yetu ya Kiswahili hakitajwi, labda kwa kuwa kinahesabiwa kuwa mali ya walimu wa historia.

Sisi wa mpakani tunayo sababu ya kukisoma ambayo msomaji wa Kampala hana. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda, pamoja na Kisumu, ulikatwa na kutiwa katika himaya jirani, ile iliyokuja kuitwa Kenya mwaka 1920. Mpaka unaowagawa leo Wateso wa Tororo na Wateso wa Amagoro una mizizi yake katika uhamisho huo. Haikupita miezi mitatu tangu tarehe hiyo kabla Katikiro hajaanza safari yake. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, na hii yetu ya Tororo ilikuwa haijawazwa, sembuse kujengwa. Kwa hiyo mgeni wa mfalme alipopanda gari la moshi penye ziwa, alipandia katika nchi ambayo majuzi tu ilikuwa Uganda na ambayo mwenyeji wake huko London alikuwa ameshaigawa upya juu ya karatasi. Tena, "Uganda" inayotajwa katika jina la kitabu ni Buganda. Wazee wa upande huu wa mashariki waliijua Buganda ya miaka ile kwa sura nyingine, sura ya askari na maakida wa Semei Kakungulu. Nayasema haya ili msomaji asidhani kwamba nakisifu kitabu kwa kuwa ni cha kwetu. Cha kwetu hakikuwa.

Sasa nije kwenye lugha. Kiswahili kina kitenzi "kutembea", na kutoka humo kinazaa "kutembelea", "kutembeza" na "kutembezwa". Mwanafunzi hujifunza minyambuliko hii katika somo la sarufi, akaiandika ubaoni, akaisahau. Lakini katika uhakiki wa masimulizi ya safari, tofauti kati ya vitenzi hivi ndiyo tofauti kati ya kitabu na kitabu. Anayetembea huchagua njia. Anayetembelea ana mwenyeji anayemwendea. Anayetembezwa huchaguliwa njia, huambiwa asimame wapi, na huonyeshwa kile ambacho mwenyeji anataka kisifiwe. Katikiro na katibu wake walitembezwa. Sherehe za kutawazwa zilipangwa kufanyika tarehe 26 Juni. Mfalme akashikwa na ugonjwa wa kidole tumbo, akapasuliwa, na sherehe zikaahirishwa hadi tarehe 9 Agosti. Hivyo wageni hao wakajikuta na wiki nyingi za kujazwa, na wenyeji wao wakazijaza kwa makanisa, majumba ya serikali, viwanda, na wanyama wa kufugwa katika bustani. Msomaji anaweza kuchoka. Mimi mwenyewe nilichoka katika usomaji wa kwanza, kwa maana kila ukurasa una jambo jipya la kustaajabia, na maajabu yakifuatana bila pumzi hugeuka kuwa orodha.

Wahakiki wa kizazi kilichotutangulia wangetoa hukumu yao hapa hapa: hii ni kasumba. Mwafrika amepelekwa kwa bwana wake, ameonyeshwa mitambo, amerudi akisema kwamba Waingereza ni watu wa ajabu. Hukumu hiyo si ya kupuuzwa. Maneno ya kustaajabu yanarudiwa mno, na mara kwa mara mwandishi anakiri kwamba maneno hayamtoshi kueleza aliyoyaona, kana kwamba upungufu uko katika lugha yake. Hatuna budi pia kukumbuka mahali walipotoka wasafiri wenyewe. Kagwa alikuwa mmoja wa walezi watatu wa kiti cha Kabaka Daudi Chwa, ambaye alikuwa bado mtoto, na alikuwa mmoja wa waliofaidika sana na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900. Mtu wa namna hiyo hakwenda London kuudhi watu.

Lakini mwenye kuishia hapo atakuwa amesoma mshangao na kuacha kusoma namna unavyoandikwa. Mukasa hashangai ovyo. Hukadiria urefu wa kitu, huhesabu, kisha hutafuta katika nchi yake kitu cha kukilinganisha nacho ili msomaji aliyebaki nyumbani apate kipimo. Jengo haliwi "kubwa sana" likaachwa hapo. Linapimwa kwa kitu ambacho Mganda amekwisha kukiona kwa macho yake. Hii ni kazi ya uandishi, tena ni kazi ngumu, na ndani yake umo uadilifu ambao sikuutambua mwanzoni. Anayepima kwa vipimo vya nyumbani anaonyesha kwamba anawaandikia watu wa nyumbani. Mshangao wake una anwani.

Tutazame pia ni nani aliyekuwa akitembezwa. Mwaka mmoja kabla ya safari hiyo, mwaka 1901, Kagwa alikuwa ametoa kitabu chake cha habari za wafalme wa Buganda, Basekabaka be Buganda. Alikuwa mtu aliyezijua nasaba na makaburi ya wafalme wa kwao, na alilijua vizuri kaburi la Kasubi, alimozikwa Mutesa wa Kwanza mwaka 1884. Mtu huyo ndiye aliyepelekwa Westminster Abbey, kanisa ambamo wafalme wa Uingereza wametawazwa tangu mwaka 1066, na ambamo wengi wao wamezikwa, George wa Pili mwaka 1760 akiwa mfalme wa mwisho kulazwa humo. Mwongoza watalii wa leo angemweleza mgeni kwa subira kubwa maana ya nyumba moja kuwa mahali pa kutawazia na mahali pa kuzikia. Katikiro hakuhitaji kuelezwa. Pengine katika umati wa wageni wa sherehe zile walikuwapo wachache mno walioelewa jambo hilo kuliko yeye. Na hapa ndipo ninapokilaumu kitabu. Mukasa, ambaye hulinganisha kuta na kuta na urefu na urefu, angeweza kulinganisha pia ufalme na ufalme kwa ukali ule ule, na hakufanya hivyo kwa kiasi ambacho msomaji anastahili. Alipima mawe kwa ujasiri, akayapima madaraka kwa adabu.

Au labda aliyapima, na sisi hatujui. Millar alikuwa mfuatano wao wa safari, alikuwa mkalimani wao, na kisha akawa mfasiri na mhariri wa kitabu. Yule yule aliyewaambia Waganda maana ya walichokiona ndiye aliyewaambia Waingereza maana ya kile Waganda walichokiandika. Mwalimu yeyote aliyepata kufundisha tafsiri ataona uzito wa jambo hili. Simtuhumu mfasiri udanganyifu. Nasema tu kwamba sauti iliyotufikia imepita katika koo mbili, na kwamba mhakiki anayemwita Mukasa mtumwa wa kasumba kwa kutegemea maneno ya Kiingereza, anamhukumu mtu kwa ushahidi wa karani wa mahakama.

Kuna njia nyingine ya kupima ziara ya kutembezwa, nayo ni kuuliza mji huo huo ulikuwaje siku hizo hizo kwa mtu asiyetembezwa. Kwa bahati jibu lipo. Kiangazi kile kile cha mwaka 1902 mwandishi Mmarekani Jack London alifika katika mji wenye jina kama lake, akanunua nguo kuukuu, akajifanya baharia asiye na kazi, akaingia upande wa mashariki wa jiji. Alilala katika nyumba za maskini za Whitechapel. Siku ya kutawazwa alikuwa barabarani, akitazama maandamano ya mfalme, kisha akageuka kuwatazama wenye njaa waliokuwa nyuma ya safu za askari. Kitabu chake, The People of the Abyss, kilitoka mwaka 1903, mwaka mmoja kabla ya kile cha Mukasa. Kwa miaka mingi Charles Booth alikuwa akichunguza hali ya wakazi wa jiji hilo nyumba kwa nyumba, na hesabu zake zilionyesha kwamba karibu 31 katika kila watu 100 waliishi katika ufukara. Mji huo wa pili hauchukui nafasi kubwa katika ziara ya Katikiro. Haukuwa katika mpango.

Je, tumlaumu Mukasa? Jack London alikuwa mweupe. Akivaa matambara alipotea katika umati. Mukasa angevaa nini ili apotee London mwaka 1902? Ndiyo maana sipendi uhakiki unaowataka waandishi wote waone mambo yote. Kuna macho ambayo hayawezi kutazama bila yenyewe kutazamwa.

Kiswahili nacho kina ushahidi wake katika shauri hili, tena ni wa zamani kuliko kitabu cha Mukasa. Amur bin Nasur wa Unguja, aliyefundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki mjini Berlin kati ya mwaka 1891 na 1895, aliandika habari ya Berlin, nayo ikachapishwa na Büttner mwaka 1894. Selim bin Abakari, Mngazija, aliandika juu ya safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, alikokwenda akiwa mtumishi wa Mjerumani, Dkt. Bumiller, Velten akaitia katika mkusanyo wake wa Safari za Wasuaheli mwaka 1901, na Lyndon Harries akaifanya ipatikane tena mwaka 1965. Mimi humweka Selim mbele ya wenzake wote katika darasa, na sababu yangu ni ya kinyambuliko pia: Selim hakutembea wala hakutembezwa, alifuata. Hakuna aliyekuwa na haja ya kumvutia. Petersburg na Moscow hazikupangwa kwa ajili yake. Alikuwa na kazi ya kufanya, na miji aliiona pembeni mwa kazi, kama dereva wa lori anavyoiona Malaba. Hata wale waliomkusanyikia kumkodolea macho, mgeni mweusi katika nchi ya baridi, nao wana mahali pao katika habari yake.

Isitoshe, anasimulia kwa "-ka-". Walimu wa Kiswahili tunaijua nguvu ya kiambishi hiki na hatukitumii vya kutosha. Wanafunzi wangu huandika: "Nilifika London. Niliona mnara. Nilifurahi sana." Kila sentensi inaanza safari upya, kana kwamba mwandishi anarudi stesheni kila baada ya nukta. Msimulizi wa pwani wa mwaka 1896 hufika, akaona, akauliza, akaambiwa, akaenda zake. Tendo linaviringika juu ya tendo, na mahali anapoamua kuivunja mfuatano huo ndipo msomaji anapojua kwamba kuna jambo la kusimamia. Kwa mwalimu anayetaka kufundisha masimulizi, kurasa chache za Velten zina faida kuliko sura nzima ya kanuni.

Na yuko Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin kufundisha mwaka 1900 na kufariki dunia mjini humo mwaka 1927. Katika hawa wote ndiye aliyeujua mji wa Ulaya kwa undani: alioa huko, akazeeka huko. Kitabu kinachomfanya akumbukwe, cha mwaka 1903, kinahusu desturi za Waswahili. Namtaja kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba kukaa mahali ndiko kunakompa mtu habari za kuandika juu yake.

Nilisema kwamba nilisahihisha vibaya. Miaka kadhaa iliyopita niliitoa mada hii ya mji wa Ulaya kwa kidato cha tatu. Insha nyingi zilikuwa kama nilivyozoea: saa kubwa, daraja, mandhari ya kupendeza, furaha isiyo na kifani. Msichana mmoja aliandika kwamba alilitazama kanisa la St Paul's na kuona kwamba halifiki hata nusu ya mwamba wa Tororo, kwa hiyo hakushangazwa na urefu wake. Alishangazwa na kwamba watu walikuwa wamelijenga wenyewe, ilhali mwamba tumeukuta. Kisha akaandika aya ndefu juu ya wafagiaji wa barabara. Alisema ameamka mapema ili awaone kabla watalii hawajatoka, kwa sababu mama yake hufagia soko na yeye anajua kwamba mji hauonekani mzuri saa tatu bila mtu aliyeinama saa kumi na moja. Nilipiga mstari mwekundu chini ya aya hiyo, nikaandika pembeni: "Umetoka nje ya mada." Kuhusu mwamba niliandika: "Tororo haiko Ulaya." Nilimpa alama 9 kwa 20. Aliyeandika juu ya saa kubwa alipata 14.

Niliposoma Mukasa miaka miwili baadaye, nikamkuta akipima London kwa Buganda ukurasa baada ya ukurasa, nilikwenda kutafuta daftari lile. Kanisa la St Paul's, lililojengwa na Christopher Wren kati ya mwaka 1675 na 1710 baada ya moto mkubwa wa 1666, lina urefu wa mita 111. Hesabu ya msichana ilikuwa sahihi. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuhama. Aliolewa ng'ambo ya mto, upande wa Kenya, na daftari lilibaki katika kabati la shule pamoja na mengine.

Tangu serikali ya Uganda ilipoamua mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, mahitaji ya vitabu vya mazoezi yameongezeka, na mada za zamani zinapigwa chapa upya bila kubadilishwa hata nukta. Mimi siku hizi naitoa ile mada kwa kuigeuza: mgeni mmoja kutoka London amekuja Osukuru kwa siku moja, mtembeze. Safari ya kwanza darasa liligawanyika. Wengine walitaka apelekwe kwenye milima ya Sukulu akaone fosfeti inavyochimbwa. Wengine walisema apandishwe mwamba wa Tororo ili aione Kenya kutoka juu. Kijana mmoja akasema apelekwe Malaba usiku, wakati foleni ya malori ni ndefu na madereva wanapika kando ya magurudumu. Wenzake wakamzomea: yaani mgeni aonyeshwe foleni? Akajibu kwamba yeye hakuambiwa amfurahishe mgeni, ameambiwa amtembeze. Ubishi ukaendelea hadi kengele ikalia, na insha yake bado sijaisahihisha.